Watoto wa Kwanza wa Ayubu

Kuna hesabu moja katika kitabu cha Ayubu ambayo sikuwahi kuiona miaka yote niliyoenda shule ya Jumapili. Mwanzoni Ayubu ana kondoo 7,000, ngamia 3,000, jozi 500 za ng'ombe wa kulima na punda 500. Ana watoto kumi, wavulana saba na wasichana watatu. Siku moja vyote vinaenda. Mifugo inaporwa na kuteketea, na nyumba inawaangukia watoto wakila kwa kaka yao mkubwa. Mwishoni, baada ya maneno mengi sana, Mungu anamrudishia maradufu. Kondoo 14,000. Ngamia 6,000. Jozi 1,000 za ng'ombe, punda 1,000. Kisha watoto: wavulana saba, wasichana watatu.

Kumi. Si ishirini.

Nilirudia mistari hiyo mara tatu nikidhani nimeruka mahali. Matatu ilikuwa imekwama nyuma ya lori la mchanga kati ya Kenol na Makutano, kwa hivyo muda ulikuwepo. Kila kitu kimezidishwa mara mbili isipokuwa watoto.

Unaweza kuisoma hesabu hiyo kwa njia mbili. Ya kwanza ndiyo nimeisikia kwenye mahubiri: Ayubu alipoteza kumi, akapewa kumi, deni limelipwa, tuseme amina. Ya pili pia ni ya zamani, wala si mimi niliyeivumbua: watoto hawakuzidishwa kwa sababu wale wa kwanza hawakufutwa. Ng'ombe akifa amekwisha, unahitaji mwingine. Mtoto akifa bado ni wako. Kumi wako kule, kumi wako hapa, jumla ishirini, na maradufu imetimia.

Nataka kuandika kuhusu tofauti hiyo ya kumi na ishirini, kwa sababu mwaka wa 2023 mtu mmoja kwetu aliishi siku tisa, na tangu hapo watu hawajakubaliana kama ni wa kuhesabiwa.

*

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mwenzangu alikuwa amerudi kwa cucu yake huko Mathira, kilomita chache kutoka Karatina, kwa sababu kodi ya Nairobi ilitushinda na cucu alikuwa na chumba, maziwa na subira. Wiki ya thelathini ya mimba uchungu ukaanza. Wakampeleka hospitali mjini Nyeri na mtoto akazaliwa usiku huo. Msichana, gramu 1,250. Ukitaka kujua huo ni uzito gani, chukua pakiti ya sukari ya kilo moja na uongeze robo juu yake.

Mimi nilikuwa Nairobi. Niliacha chuo mwaka wa tatu karo ilipokauka, na tangu hapo naandikia watu mitandaoni, nalipwa kwa idadi ya maneno. Leo makala ya mikopo, kesho faida za mafuta ya parachichi. Kazi ya aina hiyo haina likizo ya baba. Ukinyamaza siku mbili, kuna mwingine. Kwa hivyo ndani ya siku zile tisa nilipanda na kushuka barabara ile mara nne, laptopu kwenye begi na kitabu mkononi.

Wodi ya watoto wachanga ina saa yake. Kila baada ya saa tatu akina mama wanaingia na maziwa waliyojikamua, wanayapima kwa sindano, yanapita kwenye mpira mwembamba puani mwa mtoto. Mililita tano. Siku inayofuata saba. Unashangilia mbili zilizoongezeka kama mtu aliyeshinda kura. Akina baba tuliruhusiwa dakika chache mchana, tukiwa tumevaa gauni la kijani lililofungwa nyuma. Siku ya sita muuguzi alimfungia mwenzangu mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, mtindo ambao madaktari wa Bogotá, Colombia, waliuanzisha mwaka wa 1978 walipopungukiwa na mashine za kuwatunzia watoto. Unafanya kazi kweli. Nilimwona mtoto akitulia. Mwenzangu alipata siku mbili za hivyo. Kisha maambukizi yakaingia, na siku ya tisa, alfajiri, nikiwa steji ya Nairobi nikingoja gari lijae, simu ikalia.

Sina mtu wa kulaumu na sitafuti. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka wa 2022 unasema kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai Kenya, 21 hufa kabla ya kufikisha siku 28. Hao ni karibu mmoja kati ya kila 48. Ukiwa kwenye basi lililojaa akina mama, piga hesabu mwenyewe.

*

Kusoma ndani ya matatu kuna kanuni zake. Huwezi kuchagua kitabu chenye sentensi za kurasa mbili, tuta moja tu na umepoteza kitenzi. Unaweka kidole gumba kwenye mstari. Unachagua kiti cha dirishani upande wa kushoto asubuhi, ili jua lisikupige machoni. Barabara ya kutoka Kenol kupitia Sagana hadi Marua, kilomita 84 walizokuwa wakizipanua kuwa za njia mbili mbili, ilikuwa inatupeleka kwenye njia za vumbi za kando kila baada ya muda. Kwa hivyo nilisoma kwa vipande: aya tatu, tuta, aya moja, vumbi, funga dirisha.

Nilikuwa nasoma kwa sababu simu ilikuwa haikaliki. Kila ukiifungua kuna mtu anauliza mnaendeleaje, na wewe hujui, na hata ungejua ungelazimika kuandika. Kitabu hakikuulizi kitu.

Mzee mmoja aliyepanda Sagana aliniangalia kwa muda, kisha akaniuliza kama nasomea uchungaji.

"Hapana guka, nasoma tu."

"Unasoma tu." Akalizungusha hilo neno kama peremende mdomoni. "Na umefika wapi?"

Nikamwambia Ayubu. Akacheka polepole, akasema Ayubu hana haja ya kusomwa, ukishuka steji yoyote utampata kwenye boma la tatu. Alishuka Karatina na gunia lake la viazi vya mbegu.

Tulipomzika mtoto niliendelea kusafiri. Kila baada ya wiki mbili Mathira, halafu vikazi vya hapa na pale vikanipeleka Nanyuki, Kerugoya, Embu. Mtu akiniuliza nilimaliza vipi mwaka ule, ukweli ni kwamba niliusoma nikiwa nimeketi kando ya watu nisiowajua, mlima ukionekana asubuhi na kupotea mawinguni kufika saa nne.

*

Upande wetu, mtu akifa kunaundwa kamati. Kuna mwekahazina, kuna kundi la WhatsApp, kuna nambari ya M-Pesa ya kuchangia, kuna tangazo kwenye redio ya Kikuyu linalotaja wajukuu wote na miji wanayoishi. Kuna hema, kwaya, na karatasi ya ratiba yenye picha za marehemu tangu kipaimara. Watu hulalamika kuhusu gharama, na wana haki. Lakini nimekuja kuelewa kazi ya makelele yale yote. Ni njia ya kijiji ya kusema: huyu alikuwepo, tumemhesabu.

Mtoto wa siku tisa hana kamati. Tulikuwa watu wanane na katekista, na shughuli yote ilichukua dakika ishirini. Hakukuwa na wasifu wa kusoma, kwa sababu angeandikwa nini? Alikunywa maziwa. Alishika kidole. Alimjua mamake kwa harufu.

Tulimzika kwenye shamba la cucu, si kwetu. Mimi nilikuwa sijapeleka hata mbuzi mmoja, hatujapanda lile tawi la ithigi la kumtambulisha msichana kuwa ameposwa, na kimila mtoto wa hali hiyo ni wa nyumba ya mamake. Nililijua hilo na sikubishana. Kilichonishangaza ni jina. Msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya babake, lakini bila ruracio cucu angeweza kudai jina la upande wao na hakuna ambaye angefungua mdomo. Hospitalini, siku ya pili, yeye ndiye aliyesema: "Aitwe wa kwao. Asije akaenda bila watu wawili." Kwa hivyo binti yangu ana jina la mamangu. Sitaliandika hapa. Ni jina la watu wawili, na mmoja yuko hai na hapendi mitandao.

Watu walikuja, na walisema yale ambayo watu husema. Mungu alimpenda zaidi. Amekuwa malaika. Afadhali hakukaa mkamzoea. Na ile iliyorudiwa kuliko zote: bado nyinyi ni vijana, mtapata mwingine. Nafikiri karibu wote walisema kwa wema. Kwangu mimi, mwanamume, walisema "mwambie mama pole," kana kwamba mimi ni posta. Mwenzangu alizoea kuitikia "asante" kwa kila mmoja. Usiku mmoja akaniambia, "Wakisema mwingine, mimi naskia kama nimevunja kikombe."

Wale marafiki watatu wa Ayubu wana sifa mbaya kwa sababu ya hotuba zao. Lakini kabla ya hotuba kuna mstari mmoja tunaouruka: walipofika walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Hiyo ndiyo kazi nzuri waliyofanya. Matatizo yalianza walipojaribu kueleza.

*

Siku ya tano muuguzi wa zamu ya usiku, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alimuuliza mwenzangu, "Nyinyi ni wa kanisa gani?" Kwa wanaojua wodi zile, swali hilo lina maana moja. Mwenzangu alikulia Ukatoliki, mimi PCEA, na kufikia hapo sote tulikuwa watu wa kwenda kanisani Krismasi na harusini. Akapiga simu kwa cucu. Cucu hakufikiri hata sekunde mbili: abatizwe saa hii hii.

Sheria ya Kanisa Katoliki inaruhusu hivyo. Penye hatari ya kifo mtu yeyote anaweza kubatiza, hata ambaye yeye mwenyewe hajabatizwa, mradi ana maji, anatamka maneno yale ya Utatu, na anakusudia kufanya kile ambacho Kanisa hufanya. Muuguzi alitumia maji safi ya sindano, matone matatu, ili asimpoze mtoto.

Mimi nilipoambiwa sikuhisi chochote cha kiroho. Nilihisi shukrani kwamba kuna mtu alimgusa kichwa kwa makusudi yasiyo ya kumdunga.

Baada ya mazishi, jirani yetu wa Nairobi, mama wa Lamu anayeuza mahamri asubuhi, alinipa yake. Kwao, alisema, mtoto mdogo akifa husimama mlangoni mwa pepo akikataa kuingia mpaka wazazi wake waje. "Huyo ni akiba yenu, mwanangu. Si hasara." Nikabeba hilo neno akiba hadi steji. Lilikuwa na uzito tofauti na malaika. Akiba inawekwa, inahesabiwa, ina mwenyewe.

Lakini swali la ubatizo halikuniacha, kwa sababu ya vile cucu alivyoharakisha. Nikalisoma kwenye simu njia nzima ya kwenda Embu. Kwa karne nyingi Wakatoliki walifundishwa kwamba mtoto anayekufa bila ubatizo huenda limbo, mahali pasipo na mateso lakini pasipo na uso wa Mungu. Limbo haikuwahi kuwa imani rasmi inayomfunga kila muumini, ilikuwa maoni ya wanateolojia, ila maoni yaliyofundishwa kwa nguvu kiasi kwamba watu hawakuona tofauti. Katekisimu ya mwaka wa 1992 haikuitaja limbo, iliwakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu. Kisha mwaka wa 2007 tume ya wanateolojia ya Vatican ikatoa waraka mzima kuhusu jambo hilo, ikasema kuna sababu nzito za kutumaini kwamba watoto hao wanaokolewa.

Jumapili iliyofuata nikamsimulia cucu, nikidhani ni habari za kumpendeza tu. Tulikuwa jikoni, yeye akichambua maharagwe. Ukutani kwake kuna picha ya Sista Irene Stefani, mmisionari wa Consolata kutoka Italia ambaye watu wa Gikondi walimwita Nyaatha, mama wa huruma. Alikufa mwaka wa 1930, na mwaka wa 2015 akatangazwa mwenye heri hapo Nyeri, cucu akiwa kwenye umati na kiti chake cha plastiki. Muujiza uliokubaliwa ulikuwa wa maji: huko Nipepe, Msumbiji, mwaka wa 1989, watu waliojificha kanisani wakati wa vita walikunywa maji ya kisima cha ubatizo na hayakuisha.

Cucu aliacha maharagwe. Akaniomba niseme tena ule mwaka.

"2007, cucu."

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akaniambia kitu ambacho hata mwenzangu hakukijua. Mwaka wa 1954 serikali ya kikoloni ilianza kuwafukuza watu wa Mlima Kenya kutoka mashambani mwao na kuwarundika kwenye vijiji vya dharura vyenye mahandaki na miiba, zaidi ya watu milioni moja kwa jumla. Cucu alikuwa msichana aliyeolewa karibuni. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa ndani ya kijiji kile na akafa kabla ya mwezi. Padre hakufika, na yeye mwenyewe alikuwa bado kwenye mafunzo, hajabatizwa. Hakuna aliyemwambia kwamba mikono yake na kikombe cha maji vingetosha. Alipomaliza mafunzo akafundishwa habari za limbo, na akajua mwanawe yuko wapi.

"Miaka hamsini na zaidi," akasema. Halafu, bila hasira, kama mtu anayeulizia risiti: "Na walipobadilisha, walimtuma nani kuwaambia akina mama?"

Sikuwa na jibu, na bado sina. Waraka ule nimeusifu mbele ya watu kwa sababu ni mwema, na ni mwema kweli. Lakini uliandikwa kwa lugha za watu wa vyuo na ukakaa kwenye tovuti. Uliingia jikoni Mathira miaka kumi na sita baadaye, kwa simu ya kijana aliyeacha chuo, kwa sababu gari la Embu lilikuwa linaenda polepole.

*

Kitabu cha pili kilichonibeba mwaka ule nilikinunua kwa wale wauza vitabu vikuukuu wa kando ya barabara Nairobi, shilingi mia moja, jalada limebanduka. Coming to Birth, cha Marjorie Oludhe Macgoye. Kilitoka mwaka wa 1986. Mwandishi alizaliwa Uingereza, akaja Kenya mwaka wa 1954 kuuza vitabu vya wamisionari, akaolewa Ujaluo na kubaki mpaka alipofariki mwaka wa 2015. Wengi wetu tulikiona kwenye rafu za shule tukakipita.

Kinaanza mwaka wa 1956. Paulina, miaka kumi na sita, anafika Nairobi kwa treni akiwa mjamzito, kumfuata mume. Mimba inatoka karibu mara tu anapofika. Akiruhusiwa kutoka hospitali anajaribu kurudi nyumbani kwa miguu, anapotea. Jiji lote liko chini ya hali ya hatari, kila kona kuna askari, na yeye hajui hata jina la njia anayoitafuta. Nilisoma sehemu hiyo tukiwa tumesimama Karatina abiria wakinunua karoti madirishani, na nikafunga kitabu kwa sababu mwenzangu aliwahi kunieleza vile alivyotoka hospitali siku ile: alifika langoni na hakukumbuka upande wa steji, mji anaoujua tangu utotoni.

Macgoye hamhurumii Paulina kwa maneno makubwa. Anamfuata tu, mwaka baada ya mwaka. Anampa mtoto mwingine, mvulana, kisha mvulana huyo anauawa kwa risasi Kisumu mwaka wa 1969, siku ambayo watu wengine wa kweli waliuawa pia. Anampa kazi, chumba, maarifa. Kitabu kinaisha Paulina akiwa na mimba tena, na hatuonyeshwi mtoto. Nilikasirika mwanzoni, nilitaka kumwona amezaliwa. Baadaye nikaona kwamba mwandishi amekataa kumtumia mtoto mpya kufuta hesabu ya wale wa nyuma.

Na hapo ndipo nilipomrudia Ayubu. Wasichana wake watatu wa mwisho wana majina: Yemima, Kezia na Keren-hapuki. Wale kumi wa kwanza hawatajwi hata mmoja. Kwa hivyo hata kama ni ishirini, kumi kati yao hatuwezi kuwaita. Lakini kuna mstari mdogo kule mwanzoni kabisa, kabla ya balaa: Ayubu alikuwa akiamka asubuhi na mapema kutoa sadaka kwa ajili ya watoto wake, moja kwa kila mmoja, kwa idadi yao. Alikuwa mtu wa kuwahesabu. Siamini kwamba mtu wa tabia hiyo aliamka asubuhi moja, akiwa na watoto wapya mezani, akasahau namba ya zamani. Na mkewe, aliyewazaa wale kumi na kupewa sentensi moja tu kwenye kitabu kizima, ndiyo kabisa.

*

Mamake mwenzangu anaitwa Njoki. Ni jina la kawaida huku, una mwanafunzi mwenzako anaitwa hivyo. Linatokana na kurudi: aliyerudi. Kwa wavulana kuna Kariuki, aliyefufuka. Ni majina ya nyumba iliyowahi kumzika mtu. Njoki huyu alizaliwa mwaka wa 1957, wa kwanza baada ya yule wa kijiji cha dharura, na miaka yote hiyo familia ilidhani amepewa tu jina la shangazi.

Nilimuuliza cucu kama jina hilo si sawa tu na ile "mtapata mwingine" ya watu. Kama mtoto mpya anaitwa aliyerudi, si ni kusema yule wa kwanza amebadilishwa?

"Baba," akaniambia, "huwezi kusema amerudi kama hukubali kwamba alienda."

Nimelifikiria jibu hilo kwenye magari mengi. Halinitoshi kabisa. Sitaki mtoto atakayekuja, akija, abebe mgongoni dada asiyemjua. Mwenzangu naye hataki tulizungumze bado, na sisi wawili bado tunajifunza kuishi nyumba moja na jambo hili. Kuhusu Mungu, siwezi kuwaambia nimerudi, wala kwamba nimeondoka. Ninachoweza kusema ni kwamba imani zilizonizunguka, ya mama wa mahamri, ya muuguzi, ya cucu, zilinipa msaada kila zilipomhesabu mtoto, na ziliniumiza kila zilipojaribu kunilipa fidia.

Wazee wa huku hawapendi kuhesabu watoto wa mtu moja kwa moja, ni kualika mkosi. Mabinti wa Gikuyu na Mumbi, wale wa Mukurwe wa Nyagathanga ambao koo zetu zinatoka kwao, majina yao yanatajwa kumi. Lakini ukiuliza walikuwa wangapi utaambiwa kenda muiyuru, tisa iliyojaa. Unataja tisa, na kila anayesikiliza anajua kuna mwingine.

Juzi mhudumu wa afya ya jamii alipita kwa cucu na simu yake ya kazi, akijaza maswali. Choo kipo? Maji mnatoa wapi? Watoto wa chini ya miaka mitano wanaolelewa boma hili ni wangapi? Kuna binamu wa mwenzangu wanaokaa pale na wadogo wao. Cucu akajibu, "Andika wanne." Msichana akaandika, akashukuru, akaenda zake boma linalofuata.

Cucu akaniangalia, kisha akaangalia kule chini ya shamba, penye ua la itoka alilolipanda mwenyewe, lile linalotumiwa kuweka mipaka.

"Wanne waliojaa," akasema, na akaniomba nimsogezee maharagwe.